Oveni ya kuzungusha kuku isiyopiga kelele: nimezisikiliza nne hapa Kigoma

MwanaMwanga (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mke wangu ni muuguzi. Wiki mbili katika kila mwezi yuko zamu ya usiku: anarudi saa mbili asubuhi, anaoga, anakunywa uji, analala mpaka saa tisa alasiri. Usingizi huo ndio anaoutegemea usiku anapotafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga. Kwa hiyo kwetu kelele za mchana si jambo dogo.

Nyumba tunayopanga huku Mwanga iko kama nyingi za kwetu. Kuta za vyumba zimeishia usawa wa lenta, juu ni kenchi na bati tupu, dari hakuna. Kijiko kikidondoka jikoni, aliye chumbani anakisikia kama kimedondoka pembeni ya mto wake.

Mwezi wa saba nikanunua oveni ya mezani yenye kile chuma kirefu cha kuchomekea kuku. Kila duka lina jina lake: wengine wanasema rotiseri, wengine "ile ya kuzungusha". Sababu za kuitaka zilikuwepo. Mvua zikianza hapa kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kuchoma nje ni kubahatisha. Mkaa una moshi. Kukaanga kwenye mafuta mengi tumepunguza kwa ajili ya presha ya mama yangu. Na kuku anayezunguka ana utamu ambao trei haitoi: mafuta ya ngozi yakiyeyuka hayawahi kudondoka yote, maana upande uliokuwa chini umeshapanda juu, yanatambaa tena kwenye kidari. Kidari ndicho kinachowahi kukauka kwenye oveni ya kawaida. Hapa kinabaki na maji yake.

Siku ya kwanza nikaiwasha saa tano asubuhi, mlango wa jikoni nimeufunga. Feni ikaanza kuvuma. Nikasema hii ataizoea. Kisha kuku akaanza kuzunguka: krrrr, krrrr, kimya kidogo, halafu TAK. Baada ya muda tena, TAK. Nikahesabu, ilikuwa kila baada ya sekunde 24. Mvumo sikio huuzoea, lakini TAK ya namna ile mtu anailala huku anaingojea. Mke wangu akatoka na khanga begani, akaketi kwenye stuli, hakusema neno. Jioni ile aliingia zamu amelala kwa muda wa saa mbili tu. Iliniuma sana, na mpaka naandika hapa bado inaniuma.

Kesho yake nikairudisha. Mwenye duka akakubali kunibadilishia kwa sharti niongeze pesa, ila akaniambia zote zinalia hivyo hivyo. Si kweli. Nimezunguka wiki tatu, kuanzia Mwanga mpaka maduka ya chini karibu na stesheni ya reli, nimezisikiliza nne kwa makini, na tofauti yake ni kubwa mno. Naendelea posti inayofuata.

MwanaMwanga

Kelele zinatoka wapi.

Kubwa kuliko zote ni feni. Oveni nyingi za siku hizi, na eafraya zote (zile za kukaanga kwa hewa badala ya mafuta), zina feni ya kusukuma hewa ya moto. Eafraya haiwezi kupika bila feni, ndiyo kazi yake yote. Oveni ya kawaida inaweza. Kuku akizunguka anajipeleka mwenyewe kwenye moto, feni haimwongezei kitu kikubwa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: feni ina swichi yake, au inawaka pamoja na mota? Niliyorudisha, ukiweka alama ya kuku anayezunguka, feni inawaka yenyewe na huna pa kuizimia.

Mota yenyewe ni kitu kidogo cha kukaa kiganjani. Kwenye ile ya kwanza kulikuwa na kifuniko cha bati ubavuni, ukikifungua unaiona, na juu yake pameandikwa wati 4 na mizunguko kwa dakika 2.5/3. Namba ya kwanza ni kwa umeme wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kama wetu, ya pili ni kwa nchi za hezi 60 kama Marekani. Mota za aina hii zinafuata mapigo ya umeme wenyewe. Ndiyo maana nilipata sekunde 24: 60 gawanya kwa 2.5. Mota ikiwa nzima mlio wake ni mdogo, kama mbu aliye upande wa pili wa ukuta.

TAK ndiyo iliyonisumbua kuielewa. Kuku akichomekwa nje ya kitovu chake, upande mmoja unakuwa mzito. Mota inaupandisha taratibu. Ukishavuka juu, uzito unajiangusha mbele, unaitangulia mota. Kati ya meno ya gia kuna uwazi kidogo, na pale chuma chenye ncha ya mraba kinapoingia kwenye tundu lake kuna uwazi mwingine. Uwazi wote huo unazibwa kwa mpigo mmoja. Oveni yenye tundu lililolegea inapiga kwa nguvu, yenye tundu linalobana inapiga kidogo.

Halafu kuna mwisho wa pili wa chuma, ule usio na mota. Kwenye oveni za bei ya chini unakaa juu ya bati jembamba lililokatwa umbo la V. Chuma kwenye bati, joto digrii 200, mafuta yamekauka: kinalia kwii, kwii. Kwenye oveni nzuri kuna kishikio kinene kilichoviringwa, chuma kinalala ndani yake.

Mengine ni madogo. Trei na wavu vinavyotetemeka, vitoe usivyovihitaji, ila trei ya kukingia mafuta ibaki. Taima ya kuzungusha kwa mkono inapiga tik tik tik halafu kengele mwishoni. Kengele ile iko kali, mwenye mtu aliyelala asiisahau wakati wa kuchagua. Na bati la oveni likipata moto linatanuka, linapiga mara moja mbili dakika za mwanzo. Hilo halina dawa, linaisha lenyewe.

FundiGungu

Mkuu umeieleza vizuri. Mimi nazifungua hizi kila wiki. Niongeze mambo mawili.

Ndani ya hizo mota, nilizofungua mimi, gia ya kwanza ni ya plastiki, zinazofuata ni za chuma. Ile ya plastiki ndiyo inayofanya mota iwe kimya. Ikiungua kwa joto au ikila meno, mota inaanza kukoroma na mwisho inateleza. Kwa hiyo usiibananishe oveni na ukuta upande wa mota, acha kama kiganja kimoja na nusu ipumue. Wengi wanaiingiza kwenye kabati la jikoni halafu wanalalamika mota imekufa ndani ya mwaka.

La pili, skrubu. Mota inashikwa na skrubu mbili tu kwenye bati. Zikilegea, bati zima la ubavu linakuwa spika. Chomoa waya ukutani kwanza, kaza. Nimeshamaliza kelele za oveni tatu kwa bisibisi peke yake na mteja akaniuliza nimebadilisha nini.

MwanaMwanga

Asante fundi. Hiyo ya skrubu sikuijua.

Sasa namna nilivyozipima. Oveni tupu zote zinazunguka kimya, zinakudanganya. Lazima uipe mzigo. Na hakuna muuzaji atakayekuruhusu utie kuku mbichi kwenye oveni mpya, ana haki.

Nikaenda sokoni Mwanga nikanunua papai bichi la kilo moja na nusu, gumu, lenye shingo upande mmoja. Nikalifuta utomvu, nikalifunga na mfuko mwepesi. Papai katikati lina uwazi, chuma kinapita bila kulazimisha, zile uma mbili za kushikilia nyama kwenye chuma zinang'ata pembeni na skrubu zake zinakaza. Nikalichomeka makusudi nje ya katikati kama upana wa vidole viwili, ili lining'inie upande. Muuzaji wa kwanza alinitazama sana. Nilipomweleza habari ya mke wangu na zamu, alivuta kiti akakaa tukasikiliza pamoja.

Moto ukae chini kabisa, mzunguko uwake, subiri mizunguko mitano, ni dakika mbili. Weka sikio upande wa mota, kisha upande wa pili, kisha sogea hatua tano kama mtu aliye chumba cha pili. Nilipima pia na programu ya simu ya kupima sauti. Si kipimo cha maabara, ila simu moja kwa oveni zote nne inatosha kulinganisha. Duka likiwa kimya ilisoma desibeli 38.

Ile niliyorudisha: 58, na TAK inaruka juu ya hapo. Ya pili ilikuwa eafraya kubwa yenye mlango wa kioo na chuma cha kuzungusha ndani. Papai lilizunguka bila mlio kabisa, imetengenezwa vizuri, lakini feni ni 55 mwanzo mpaka mwisho. Kwa nyumba yenye dari na milango mizito ningeichukua. Ya tatu kubwa sana, feni ina swichi yake, nikafurahi, halafu mwisho wa chuma ukaanza kwii kwenye lile bati la V. Ya nne ni ya lita 38, feni unaizima, kishikio kinene, tundu la mraba linabana mpaka unasukuma kidogo chuma kiingie. Papai lililokaa upande lilitoa "tk" ndogo ya kusikilizia. Simu ilisoma 43. Hiyo ndiyo nimeichukua, laki moja na tisini.

Jina silitaji, kwa sababu kampuni ileile nimekuta ina oveni mbili zinazofanana kwa sura, moja ina kishikio kinene na nyingine ina bati. Ukinunua kwa jina utakosea. Sikiliza ile utakayobeba.

MtotoWaKasulu

Nafuatilia. Papai nimelipenda.

DadaIsevya

Salamu kutoka Tabora kaka. Naomba msaada. Yangu inazunguka vizuri, halafu ghafla kuku anasimama, anarudi nyuma, anazunguka kinyume. Mume wangu anasema imeharibika. Inatokea zaidi jioni. Na pili, mimi kuku nampaka asali ya kwetu, ananiungua nje kabla ndani hajaiva.

FundiGungu

Haijaharibika dada. Mota hizo hazina upande. Ukiwasha, zinaweza kuanza kulia au kushoto, hata leo na kesho zikatofautiana. Zikikwama kwenye mzigo zinarudi zilikotoka. Jioni watu wote wanapika, umeme unashuka nguvu. Mwendo wa mota haupungui, kwa sababu unafuata hezi, ila nguvu ya kunyanyua inapungua. Kuku akiwa na upande mzito, inafika katikati ya kupanda inashindwa, inageuka. Hapa Kigoma tulivyokuwa kwenye majenereta ya dizeli haya nimeyaona sana.

Msawazishe kuku, itaisha. Na tazama kama bawa au mguu haugusi hita ya juu. Hiyo nayo inamkwamisha.

MwanaMwanga

Dada, kwenye asali nikujibu mimi, kwa kuwa nimeunguza asali ya Tabora niliyoletewa na treni na niliumia kuiona. Asali ni sukari, kwenye digrii 200 inageuka nyeusi upesi. Mpike kuku kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tu. Zikibaki dakika kumi au kumi na mbili, zima mzunguko, mpake asali uliyoipunguza makali kwa maji ya ndimu, washa tena. Inang'aa kama shaba, hainuki moshi.

Mtumishi_KGM

Vipi matumizi ya umeme wa LUKU mkuu? Naogopa hizi oveni.

MwanaMwanga

Nimelisoma kwenye mita. Kuku wa broila wa kilo moja na nusu, digrii 200, saa moja na robo. Oveni ni ya wati 1,500. Ingewaka muda wote ingekula uniti 1.9, lakini thermostati inazima na kuwasha, mita yangu ilionyesha 1.3. Elfu kumi mimi inanipa uniti 28 na kidogo, kwa hiyo kuku mmoja ni kama shilingi 460 za umeme. Mkaa wa kumchoma kuku huyo huyo hapa Mwanga haushuki elfu moja. Mota ni wati 4, hiyo hata usiihesabu.

Ila kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, jihadhari. Oveni kila siku itakutoa kule na bei ya uniti itapanda kwa kila kitu, mpaka taa. Sisi tunapika hivi Jumamosi na Jumapili.

Umeme ukikatika katikati, usimwache humo mukisubiri urudi. Kuku aliyeiva nusu kwenye joto la vuguvugu ni hatari. Mtoe, mkate vipande, malizia kwenye gesi au jiko la mkaa. Ndani ya paja, sehemu nene, joto lifike digrii 74. Asiye na kipimajoto achome kisu karibu na mfupa. Maji yakitoka na wekundu, bado.

MamaUjiji

Wanangu hamjambo. Mnazungumza kuku tu, na sisi tuko kando ya Ziwa Tanganyika. Samaki je?

MwanaMwanga

Shikamoo mama. Samaki kwenye chuma kitupu hashiki. Nyama ikilainika inaachia uma, anaangukia kwenye trei. Kuna kikapu cha wavu wa chuma kinachofungwa kwenye chuma hicho hicho, baadhi ya oveni zinakuja nacho. Mgebuka unalala humo vizuri kwa umbo lake refu. Kuhe mkubwa hatoshi, inabidi vipande.

MamaUjiji

Marahaba. Basi mpake mawese kabla hujamfunga kwenye kikapu. Paka na kikapu chenyewe, samaki asinate. Na migebuka iwe ya ukubwa mmoja, uilaze kichwa kwa mkia, mmoja huku mwingine kule. Ukiilaza vichwa vyote upande mmoja, hata mimi nisiye fundi najua itakwenda mrama.

MwanaMwanga

Mama umetufundisha. Kichwa kwa mkia! Jumapili nafanya hivyo hivyo. Mawese yanaleta na rangi nzuri. Nyongeza yangu ni moja: yakikauka kwenye kishikio cha chuma yanaganda kama gundi, na hapo ndipo kwii inapozaliwa hata kwenye oveni nzuri. Futa kishikio na ncha zote mbili za chuma kwa maji ya moto na sabuni oveni ikishapoa.

Mchomaji_Bangwe

Mimi natumia ya mkaa, mota ya betri, nje. Hakuna feni, hakuna bili.

MwanaMwanga

Ladha ya mkaa siishindani nayo, mkuu. Nilijaribu moja ya jirani. Mota ya betri mbili kubwa inakoroma kuliko ya umeme wa ukutani, na betri zikilegea mwendo unapungua mpaka kuku anasimama na kuungua upande mmoja. Ukiwa nje mbali na dirisha la aliyelala, haina tatizo. Uwanja wangu ni mita nne, na dirisha la chumba liko hapo hapo.

Mpishi_Katubuka

Naomba kupinga kidogo kwa nia njema. Kama shida ni kelele, kwa nini kuzungusha? Mpasue kuku mgongoni, mlaze bapa kwenye wavu juu ya trei, ngozi juu, digrii 220, dakika 45. Kimya kabisa, hakuna mota wala chuma cha kuosha. Na umeme kidogo zaidi.

MwanaMwanga

Una hoja, na siipingi. Kwa mtu ambaye anataka chakula kiive kwa kimya tu, njia yako ni bora, na aanze nayo kabla hajatoa laki na tisini. Nimeifanya mara nyingi nikisubiri oveni mpya. Ngozi inatoka nzuri. Tofauti iko chini: upande uliolalia wavu unabaki laini na rangi ya maziwa, mafuta yote yamekwenda kwenye trei. Anayezunguka ana ngozi moja, mwili mzima. Mama yangu, meno yake yakiwa hayako sawa, anakula kidari cha huyu anayezunguka na cha trei anakirudisha sahani. Kwangu hilo lilitosha.

MwanaMwanga

Nimerudi baada ya wiki mbili na oveni ya nne, nimepika mara tano.

Oveni ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfunga kuku. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Namkausha kwa kitambaa. Mabawa nayakunja nyuma ya mgongo. Uzi wa pamba mnene, ule mweupe wa kufungia magunia ambao haujatiwa nailoni, naupitisha chini ya mgongo, unakuja mbele unabana mabawa, unashuka unafunga miguu miwili ikutane na mkia. Kuku anakuwa bonge moja, hana kitu kinachoning'inia. Nailoni usitumie, inayeyuka.

Chuma kinaingia shingoni kinatokea chini ya mfupa wa kidari, karibu na mfupa huo kuliko mgongo, kwa sababu kidari kina nyama nzito. Uma mbili nazisukuma kwa nguvu kutoka pande zote mbili, moja kwenye mapaja, moja kwenye kidari, skrubu nakaza kwa koleo, si kwa vidole.

Kisha, kabla hajaingia ndani, naweka ncha mbili za chuma juu ya vidole vyangu vya shahada na kumwachia. Akizunguka mwenyewe akasimama mgongo chini, upande wa mgongo ni mzito, namchomoa nasogeza chuma kuelekea mgongo kidogo. Narudia mpaka nikimweka upande wowote anatulia pale pale nilipomweka. Mara ya kwanza ilinichukua dakika ishirini na mikono yote ilikuwa mafuta. Jumapili hii ilikuwa dakika tano.

Chini ya miguu ya oveni nimeweka kipande cha mkeka wa mpira wa mlangoni, maana meza yetu ni ya mbao nyepesi na ilikuwa inavuma nayo. Simu mezani ikasoma 41. Nikaenda chumbani kwa vidole, nikasimama mlangoni mizunguko mitatu mizima. Nilichosikia ni pumzi yake na mafuta yanayodondoka kwenye trei, tss, tss. Aliamka saa tisa na robo, kwa harufu. Akaniuliza kuku nimemnunua wapi.

Jambo moja bado. Kama dakika ya arobaini, "tk" inarudi. Nimegundua ni nyama inapungua ikiiva, uzi unalegea, mguu unaanza kucheza. Fundi, kuna dawa?

FundiGungu

Kaza uma, mkuu, nyama ikishapungua. Dakika ya 35 zima, vaa glavu, sukuma uma ndani nusu inchi, kaza skrubu. Na uzi ufunge mara mbili kwenye miguu.

DadaIsevya

Nimefanya yote, na vidole vya shahada pia. Hajageuka tena hata jioni. Asali dakika kumi za mwisho. Swali: kuku wa kienyeji je? Huyu wa kwetu mgumu.

MwanaMwanga

Mchemshe kwanza dada, moto mdogo, kwenye maji ya tangawizi na chumvi mpaka paja likubali kisu kuingia kwa shida kidogo. Asiive kabisa, ataachia uma. Mwache apoe na akauke saa nzima, mfunge, kisha mzungushe dakika 35 kwa 200. Supu usiimwage. Na kumsawazisha ufanye baada ya kuchemsha, maana uzito unahama.